Chuma cha Arobaini

Kile chuma nilikaa nacho. Nilikaa nacho siku kumi na mbili, chini ya mto wangu, mtoto mchanga akiwa kifuani. Wala sikuwekewa na mtu nikiwa usingizini. Nilikiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, mchana kweupe. Halafu kwa miaka sita nikawaambia wapimaji wa mionzi, madaktari, mume wangu na kila aliyeuliza kwamba sijawahi hata kukigusa.

Nayaandika haya kwa sababu shingo yangu imepona kwa kiasi cha kupona, na sauti imerudi nusu. Pia najua kwamba saa hii kuna mtu amekaa kwenye benchi la hospitali ameshika fomu, na ndani ya fomu kuna swali ambalo jibu lake linamtia aibu. Mwenzangu, jibu. Ukiwa na haraka unaweza kuishia hapa. Yanayofuata ni habari za mtu ambaye hakujibu.

Kisiwa chetu sikitaji jina. Ni kidogo, mwendo wa saa moja na kitu kwa boti ya mashine kutoka Kilwa Masoko, na watu wake wamechoka kuitwa watu wa mionzi kila wakienda sokoni. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na chini ya mto wake huwekwa chuma, ili mtoto asichezewe na wasioonekana. Kwa kawaida ni kisu. Lakini hewa yetu ya chumvi inakula kisu ndani ya wiki, na mama mwenye usingizi wa uzazi akiwa na kisu kitandani ni jambo la kuombea dua. Ndiyo maana jirani yetu, mke wa mnunuzi wa vyuma chakavu, alipokiona katika lundo la mumewe kipande kifupi cha mviringo, kinene kama betri ya tochi, kizito kuliko umbo lake na kisichoshika kutu hata kidogo, alikitenga. Alikaa nacho arobaini yake. Mama mwingine akazaa, akapelekewa. Utaratibu ulijiweka wenyewe: mtoto mchanga zaidi ndiye mwenye haki, kwa hiyo akizaliwa mpya chuma kinahama hata kama mwenzake hajamaliza siku zake. Kilipita nyumba saba, kimefungwa kitambaa cheupe kilichofukizwa ubani, kikipokelewa kwa mikono miwili.

Kilikuwa kimepotea kutoka kwenye vifaa vya kampuni fulani ya ujenzi iliyopita pwani yetu ikaondoka. Sitajifanya naelewa kilichokuwa ndani. Wataalamu walisema tulisalimika kwa sababu punje ya mionzi iliyokuwa ndani ilikuwa imezungushiwa ganda zito, ila ganda lilikuwa na ufa upande mmoja. Basi yote yalitegemea ufa ulielekea wapi. Nimejaribu sana kukumbuka mimi niliuelekeza wapi. Sikumbuki. Katika mama saba hakuna anayekumbuka.

Sasa mimi. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala gazetini kuwacheka watu wanaolala juu ya visu. Ilisifiwa sana, hasa na wanaume. Kisha nikapata mimba nikiwa na miaka arobaini na mbili, baada ya kuzika watoto wawili ambao hakuna aliyefikisha wiki, nikafunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda kujifungulia kwa mama. Mama alikileta kile chuma siku ya kwanza.

"Kirudishe," nikamwambia. "Usinitie aibu."

Hakubisha. Alikiweka juu ya kabati, akaendelea kunikanda.

Siku ya nne Raya, binti yangu, alikataa ziwa tangu alfajiri. Midomo ilikuwa imekauka, na kilio chake kilikuwa kidogo, kama cha mtu anayelia chumba cha jirani. Nilikijua kilio kile. Nilikuwa nimekisikia mara mbili.

"Mama," nikasema. "Kile kitu bado kipo?"

"Kipo."

"Kilete."

Mama alikileta bila kucheka. Kwa dakika mbili nilimchukia kwa kutonicheka. Raya akanyonya kabla ya alasiri. Sijui kwa nini alinyonya, watoto hunyonya. Lakini tangu saa ile hakuna ambaye angenitolea chuma kile chini ya mto, mpaka siku ya kumi na mbili tangu kiletwe, Zuhura alipojifungua.

Zuhura ni mke wa kaka yangu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na tulikuwa tunaishi ua mmoja. Alipojifungua mwanawe Athumani, nilikitoa chuma chini ya mto, nikakifuta, nikampa mkononi. Nakumbuka alisema, "Ahsante, wifi, Mungu akukuzie." Basi.

Nilikwisharudi Dar wakati wapimaji wa mionzi walipofika kisiwani kukitafuta na mashine yao inayokwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Walikikuta chuma nyumba ya saba, chini ya mto. Wakakichukua kwa koleo refu, wakafungua daftari, wakaanza kuuliza nyumba kwa nyumba: nani alikaa nacho, siku ngapi, alilaza wapi kichwa. Mimi nilipigiwa simu.

"Mama, kwako kilikaa siku ngapi?" aliuliza kijana mwenye sauti ya adabu.

"Kwangu? Mimi ni mtu wa chuo kikuu."

"Sijauliza elimu, mama. Nimeuliza siku."

"Hata moja."

"Bi Zuhura anasema alikipokea kwako."

"Atakuwa amechanganya. Uzazi unachosha."

Nilisikia kalamu ikiandika. Baadaye sana nililiona neno lenyewe katika daftari, mbele ya jina la Zuhura: *anadai*. Nilikata simu nikajisikia mwepesi. Nikaenda kusahihisha makala.

Miaka ikapita. Kila mwaka baada ya masika wale watu walirudi kisiwani kupima damu, macho na shingo za waliokaa na chuma, na kila mwaka mimi niliisikia habari hiyo kama mtu anayesikia habari za mkoa mwingine.

Aliyegundua ugonjwa wangu ni fundi cherehani. Ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, nashonesha gauni la Idi, na Fundi Saidi alinipima kola mara tatu.

"Mama Raya, shingo imeongezeka."

"Nimenenepa."

"Mikono haijanenepa," akasema, pini mdomoni.

Nilimwambia alegeze kola. Gauni lilitoka zuri. Nikaanza kuvaa mtandio hata nyumbani, nikisingizia kikohozi, na nilivaa hivyo miezi minne, mpaka wali ulipoanza kusimama kooni kana kwamba unaomba ruhusa. Mume wangu ndiye aliyenivua mtandio, mezani, mbele ya sahani. Alitazama, akaosha mikono, akasema, "Kesho."

Sitasema mengi kuhusu vipimo. Nitasema kuhusu mabenchi. Benchi la kliniki ya shingo linajaa saa kumi na mbili asubuhi, na anayekuja saa moja hukaa sakafuni. Nenda na khanga ya pili: utaikalia, utajifunika, na siku ya majibu utafutia uso. Nilielekezwa hayo na mama mmoja wa Tandika mwenye bandeji shingoni, ambaye aliniuliza namba yangu, akanisogezea nusu ya nafasi yake na kuniambia, bila kuulizwa, "Siku ya operesheni usije na mwanamume mwenye maswali. Atawachosha."

Mimi nilikuwa naye. Daktari, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, aliuliza, "Umewahi kukaa karibu na mionzi?"

"Hapana," nikasema.

"Si kule kwenu kulikuwa na kile chuma?" akasema mume wangu.

"Kilipita kwa majirani."

Daktari aliandika. Ningependa kusema mkono wangu ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilikuwa nimezoea.

Nilifanyiwa operesheni masika ilipoanza. Mvua ilinyesha siku zote nilizolala wodini, na madirisha yalikuwa na ukungu hata sikuona mji. Tezi yote ya shingoni ilitolewa. Jibu lilipokuja lilikuwa saratani, ile ambayo madaktari huiita ya afadhali, neno ambalo nakushauri ulipokee kwa shukrani bila kulichunguza. Kwamba ilitokana na chuma au haikutokana nacho, daktari hakuweza kusema hata baada ya kuujua ukweli. Hilo nalo ni jambo la kuishi nalo.

Mwili ulibadilika kwa vitu vidogo. Nilisikia baridi Dar es Salaam, jambo ambalo halijawahi kumpata mtu mwenye akili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Niliyasahau maneno, siku moja nilisimama jikoni nikimwonyesha mume wangu kwa vidole kitu cha kukorogea chai, na neno kijiko halikuja mpaka jioni. Lakini kubwa lilikuwa sauti. Mimi niliyejulikana kwa kuwakatiza watu kwenye makongamano nilibaki na mnong'ono. Watu walilazimika kuinama ili wanisikie, na wakishainama walikuta sina la maana. Raya alidhani ni mchezo. Kwa wiki nzima alizungumza nami kwa mnong'ono, nyumba ikawa kama ya wezi, na baba yake akapika ugali kila siku kwa kuwa ndicho alichoweza, nao kila siku ulikuwa na madonge.

Baada ya operesheni kuna dawa. Dawa yenyewe ni mionzi, unaimeza. Nilicheka daktari aliponieleza, cheko la mnong'ono, akadhani naumwa. Kabla yake ni lazima ukae wiki mbili bila samaki wala chumvi ya dukani wala chochote cha baharini. Mwambie hivyo mtu wa Kilwa. Mama alinitumia pweza mkavu kwa basi, kifurushi kikafika kikinuka kwetu kote, nikampa jirani na kukaa chumbani mlango umefungwa mpaka amalize kumpika yule pweza.

Wakaniweka katika chumba cha peke yangu. Chakula kinaachwa mlangoni. Nesi husimama mbali na kukuelekezea kipimo cha mionzi, nacho kinakwaruza, na siku ya kwanza kilikwaruza bila kupumzika. Nilikuwa nimesimuliwa sauti ile miaka sita. Sikuwahi kudhani siku moja itatoka kwangu.

"Kesho mionzi yako itashuka, dada," nesi aliniambia kutoka mlangoni. "Ya wote hushuka."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mama alipiga simu. Aliuliza kama nakula. Aliuliza kama chumba kina dirisha.

"Mwanangu, nikuulize?"

"Uliza, mama."

"Na Raya?"

"Raya yuko kwa baba yake, hajambo."

"Sikuulizi yuko wapi. Nakuuliza shingo yake nani ameiangalia?"

Nikagusa kovu langu.

"Ulikuwa umemlaza hapa," mama akasema, nami nikajua pale alipo amejigusa kifua. "Kichwa chake kilikuwa karibu na kile kitu kuliko chako. Mimi nimenyamaza kwa sababu wewe ni mwanangu na ulikataa mbele za watu. Nimechoka kunyamaza. Zuhura hanisemeshi mwaka wa sita sasa. Na yule mtoto wake kila miezi mitatu anachomwa sindano."

"Kila miezi mitatu? Si wanapimwa mara moja kwa mwaka?"

"Wengine, ndiyo. Yeye wamemweka katika orodha ya waliokaa nacho sana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku zako hazikuwa na mwenyewe," mama akasema. "Wakampa Zuhura."

Nilikaa juu ya kitanda kile mpaka chakula kilipoletwa na kuchukuliwa. Kama unangoja nikueleze nilichohisi, sina maneno yake. Naweza kukueleza nilichofanya: nilihesabu. Damu ya mtoto wa watu, mara nne kwa mwaka, tangu akiwa hajaota meno. Na binti yangu, ambaye alistahili zile sindano, hajaguswa hata mara moja.

Mume wangu nilimwambia siku niliyoruhusiwa kutoka, nikiwa bado natakiwa kukaa mbali na mtoto, yeye kasimama mlangoni na mimi niko mwisho wa chumba. Ni vigumu kutubu kwa mnong'ono kwa mtu aliye mbali. Ilinibidi nirudie mara mbili.

"Raya alilala wapi?" aliuliza.

"Kifuani kwangu."

Alifunga begi la mtoto, akaenda naye kwa dada yake. Majirani walidhani ni amri ya daktari, wakamsifu kwa uangalifu. Sikuwasahihisha. Alirudi baada ya wiki mbili, akamweka Raya mbele yangu, amevaa viatu vya safari.

"Wapimaji wanakwenda kisiwani mwezi huu," akasema. "Mpeleke. Na usirudi hujasema."

Basi tukaenda. Basi liliposimama Somanga, Raya alitaka samaki wa kukaanga wanaouzwa madirishani, nikamnunulia wawili, nikamtazama akila. Ilikuwa kipupwe, Kilwa Masoko upepo ulikuwa mkavu, na ndani ya boti nilijifunika khanga zote mbili. Nilikuwa naitazama shingo ya mwanangu kama fundi cherehani.

Kisiwani siku ya kupimwa watoto huiita siku ya shingo. Benchi zinatolewa shuleni zinapangwa kwenye baraza ya zahanati, ndani kuna mashine ya ultrasaundi inayokuja na boti, na mezani mlangoni anakaa Sista Rehema, Mmwera wa bara, ambaye amelishika daftari lile tangu lilipofunguliwa. Niliwapa wazee shikamoo, wakaniitikia marahaba na kunitazama kovu. Bibi mmoja, mama wa yule mke wa mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa anawachekesha wenzake.

"Miaka sita wananishika shingo. Marehemu mume wangu hakunishika hivi hata fungate."

"Labda shingo ilikuwa haijaiva," mwenzake akamjibu, baraza nzima ikaangua kicheko.

Zuhura alikuwa mbele kabisa. Hakugeuka. Athumani, mtoto mwembamba wa miaka sita, alikwishakunja mkono wa shati bila kuambiwa, anajipapasa kwenye kiwiko kama mtu mzima anayechagua nyanya.

"Huu hapa, Sista," akasema. "Ule wa kulia umechoka."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Mimi ni mtu wa maneno, nilikuwa nayo kurasa mbili kichwani, na yalikuwa na mpangilio mzuri. Yakaondoka yote. Nilikwenda mpaka mezani, nikapita watu waliotangulia, jambo ambalo peke yake lilitosha kunichafulia jina.

"Sista," nikasema. "Zile siku ambazo hazina mwenyewe ni zangu. Chuma kilikaa kwangu siku kumi na mbili. Nilimpa Zuhura kwa mkono wangu."

Sista Rehema aliinama kunisikia. Zuhura akageuka.

"Anasemaje?"

"Anasema..."

"Aseme mwenyewe. Kwa sauti."

"Hii ndiyo sauti niliyo nayo, Zuhura," nikasema.

Alinitazama shingo. Muda mrefu. Niliona uso wake ukitaka kulegea, kisha ukakataa.

"Basi rudia wewe, Sista," akasema. "Wasikie wote."

Na Sista Rehema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina uwanjani, akarudia. Chuma kilikaa kwa Mama Raya siku kumi na mbili. Bi Zuhura alisema kweli. Kicheko cha barazani kilikatika kama redio iliyozimwa. Yule bibi wa shingo akasema polepole, "Haa."

Sista alifungua daftari kurasa za mwanzo kabisa, akalikata kwa mstari lile neno *anadai*. Akaandika upya. Akachukua karatasi nyingine, akahesabu, akahesabu tena.

"Athumani anatoka kwenye orodha ya miezi mitatu," akasema. "Mara moja kwa mwaka inamtosha."

"Na leo?" Athumani akauliza, mkono bado umenyooka.

"Leo tu. Mpaka mwakani."

Mtoto alimtazama mama yake kuuliza kama ni kweli. Zuhura hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu amechomwa kwa siku zako, wifi."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa unamshika wewe?"

Nilisema hapana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuongeza neno.

Kisha ikawa zamu ya Raya. Alilazwa, akapakwa ule ute wa baridi, akacheka kwa kutekenywa. Kijana wa mashine alipita upande wa kulia upesi. Upande wa kushoto alipita, akarudi, akarudi tena. Wagonjwa wenzangu mnakijua kile kimya. Mtu wa mashine akianza kurudi palepale, wewe huulizi.

Kivimbe kimoja. Kama punje ya mtama, alisema. Katika mtoto ni lazima kichukuliwe majimaji kwa sindano, yakasomwe Dar es Salaam. Raya alipoiona sindano akanishika kiuno akapiga kelele ambazo sikujua kuwa anazo. Nilimnong'oneza, hakunisikia. Athumani ndiye aliyesogea, pamba ikiwa imebandikwa mkononi.

"Usiiangalie. Tazama dirishani, taja samaki."

"Samaki gani?" Raya akauliza katikati ya kilio.

"Wote. Anza."

"Changu," akasema. "Dagaa." Akafikiri. "Wa Somanga."

"Huyo si samaki," Athumani akasema kwa dharau kubwa, na wakati wanabishana sindano ikaingia na kutoka.

Majibu yangechukua wiki tatu. Sista Rehema alieleza kwamba majibu ya daftari la kisiwa hurudi kisiwani, kwa kaya, ndivyo taratibu zilivyo. Raya ameandikishwa kaya ya kaka yangu. Kaka yuko Sudi kwenye kazi. Namba ya simu ya kaya ilikuwa ya Zuhura.

"Naweza kuandika namba yangu?" nikauliza.

"Utaratibu, dada," Sista akasema, na sikuweza kubishana na daftari nililolichafua mwenyewe.

Zuhura alikuwa anamfunga Athumani vifungo. "Namba ni yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Utangoja mimi."

Nikangoja. Mama wa Tandika aliwahi kuniambia kungoja majibu yako ni kazi, kungoja ya mtoto ni adhabu. Nilimpeleka Raya shule, nikamrudisha. Nilimwogesha mwenyewe ingawa anajua kuoga, vidole vyangu vikipita palepale upande wa kushoto, mpaka akasema, "Mama, umeshasugua hapo." Mume wangu alirudi kulala chumbani lakini alilala ameelekea ukutani. Nilimeza kila alfajiri kidonge changu cha kufidia tezi, ambacho nitakimeza mpaka mwisho, na kila alfajiri niliwaza kama Raya naye atakimeza, na kovu lake litafichwa na mtandio wa aina gani. Wiki ya tatu ilipita. Wiki ya nne ikaanza. Sikumpigia Zuhura. Nilishika simu mara nyingi nikaiweka. Sikuona ninayo haki ya kumharakisha.

Alipiga Jumanne, saa tano asubuhi. Nilikuwa nachambua mchele.

"Wifi. Sista yuko hapa kaniletea karatasi. Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa."

Nilikaa sakafuni, ungo mapajani.

"Namba ya fomu," akaanza, akisoma polepole kama mtu wa darasani, na akaisoma namba yote. Jina la mtoto. Jina la baba. Jina la kisiwa. Umri. Upande wa shingo.

"Zuhura, nakuomba."

"Nasoma lote. Nikiruka mahali, kesho utasema sikukwambia."

"Soma."

Alisoma jina la maabara. Alisoma tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kutoka. Nilisikia karatasi ikigeuzwa. Nilisikia Athumani kwa mbali akiuliza, "Ni ya Raya?" na mama yake akimwambia shh.

"'Hakuna dalili za saratani,'" akasoma. Akairudia, safari hii kwa sauti yake ya kawaida. "Hakuna, wifi. 'Kivimbe si cha hatari. Mtoto aangaliwe kila mwaka.' Halafu kuna sahihi, sikuweza kuisoma. Basi. Ndiyo karatasi yote."

Mchele ulikuwa umemwagika sakafuni kote. Niliziba mdomo kwa khanga.

"Unalia?" Zuhura akauliza.

"Hapana."

Sikusikia karatasi wala mtoto, ila pumzi yake tu, akingoja.

"Ndiyo," nikasema. "Nalia."